Kilo 4.7 Si Kombe

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote, mimi mwenyewe sionekani. Ni mizani tu. Ile ya wodi ya akina mama, yenye sinia, na namba nyekundu zinachezacheza halafu zinatulia: 4.70. Shemeji ndiye alirekodi na simu yake akanitumia, mimi nikaweka sauti juu kama mtangazaji wa ndondi: “Wasee, bingwa wa uzito wa juu kutoka Nyeri amewasili!”

Ikatrendi. Watu wa Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu, mpaka majamaa wako Qatar wakilinda magorofa, wote walijaa kwa komenti. “Huyo amekula nduma akiwa tumboni.” “Huyo hatambai, anaenda moja kwa moja kuchukua kitambulisho.” “Nyeri hatuzai, tunavuna.” Hiyo ya mwisho niliibandika juu kabisa. Nilicheka siku mbili.

Leo nataka niwaambie kile ambacho hakikuwa kwa video.

Kama saa tatu hivi baada ya ile mizani, mtoto alianza kutetemeka. Si kulia, kutetemeka. Mikono midogo inaruka yenyewe. Nesi akamtoboa kisigino, akapima, akaondoka naye akitembea haraka bila kusema kitu. Sukari yake ilikuwa imeanguka chini sana. Alilazwa kwa chumba cha watoto wachanga na dripu ya sukari mkononi, siku nne. Dada yangu alikuwa amefanyiwa upasuaji kwa sababu mtoto alikuwa mkubwa kupita njia, kwa hivyo hangeweza kutembea kwenda kumwona. Siku ya kwanza alimwona mtoto wake kupitia picha kwa simu ya shemeji. Simu ile ile ya mizani.

Na mimi nilikuwa nje, kwa benchi, nahesabu watazamaji.

Asubuhi yake daktari alikuja na swali moja. “Mama, ulipimwa sukari ukiwa mjamzito?” Dada akatoa kitabu cha kliniki. Manze, hicho kitabu kilikuwa kimejazwa vizuri kuliko daftari zangu zote za chuo. Kundi la damu, iko. Kiwango cha damu, iko. HIV, kaswende, presha, uzito, zote ziko. Mkojo: hakuna sukari. Daktari akaguna. “Mkojo peke yake hautoshi,” akasema, akafunga kitabu. Hospitali aliyokuwa anaenda kliniki siitaji, na mtaona mbele kwa nini sioni kama ni kosa la nesi fulani.

Kabla niendelee, ile swali mtaniuliza najua. Wewe ulitoka chuo mwaka wa pili, na hata hukuwa unasomea udaktari, unatufunza nini? Kweli. Na ni mwanaume pia. Sitawahi kubeba mimba. Lakini mimi ndiye nilipigia kelele kilo 4.7 kama kombe la dunia, na watu wengi sana walinisikia, kwa hivyo nina deni. Nimesoma hii maneno kuliko nilivyosomea mtihani wowote, na daktari mmoja na nesi mmoja wamenirekebisha mahali nilikosea. Wewe usinichukue kama daktari. Nichukue kama mjomba wa huyo mtoto.

Twende sasa kwa mwili, na nitatumia stage ya matatu kwa sababu ndiyo najua.

Sukari kwa damu ni abiria. Wanasimama barabarani wakingoja kuingia kwa magari, na magari ni misuli, ini, mafuta, mahali pote pa mwili panapotumia au kuweka sukari. Insulini ndiye konda, anafungua mlango abiria waingie. Kwa mtu wa kawaida konda akigusa mlango, unafunguka.

Mwanamke akishika mimba, linaota kondo la nyuma, ile kitu hutoka baada ya mtoto na hakuna mtu huipiga picha. Hilo kondo linamwaga homoni kwa damu ya mama, na moja ya kazi za hizo homoni ni kukaza milango. Konda anavuta, mlango ni mgumu. Abiria wanakaa barabarani muda mrefu zaidi. Na hii si ugonjwa! Ni mpango. Ukifikiria ni mpango wa akili sana: mama asimalize sukari yote kwa misuli yake, nyingine ibaki kwa damu ipite kwa mtoto. Milango inaendelea kukazwa vile mimba inakua, na inakuwa migumu zaidi kwa nusu ya pili ya mimba. Kwa hivyo kongosho, ndiyo kiwanda cha insulini, inaajiri makonda zaidi, mara mbili ya kawaida au hata kupita. Wanawake wengi wanafika siku ya kujifungua bila shida yoyote.

Kwa wengine kongosho inafika mwisho. Imeajiri wote, hakuna konda mwingine. Stage inajaa. Hapo ndipo tunasema kisukari cha mimba.

Sasa sikiza hii sehemu, kwa sababu ndiyo ilinifanya nitake kufuta ile video. Sukari inavuka kondo kuenda kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki. Kwa hivyo mtoto anapokea mafuriko ya sukari bila konda hata mmoja kutoka kwa mama, na inabidi kongosho yake ndogo itengeneze insulini nyingi yenyewe. Insulini nyingi kwa mtoto inafanya kazi kama mbolea. Anawekeza mafuta, anajaa mabega, anajaa tumbo. Daktari mmoja wa Copenhagen, Jørgen Pedersen, alieleza jambo hili miaka ya 1950, kwa hivyo si habari ya juzi. Halafu siku ya kuzaliwa kitovu kinakatwa. Mafuriko yanakoma papo hapo. Lakini kiwanda cha insulini cha mtoto bado kinanguruma kwa mwendo ule ule, kinakula sukari kidogo iliyobaki, na baada ya muda mfupi mtoto anatetemeka.

Ile 4.70 yote mliyopigia makofi ilikuwa mtoto akijaribu kujiokoa.

Sawa, sasa kuna mtu anaandika: “Mimi nilizaliwa kilo 4.5 na niko fiti.” Hongera, kwa kweli. Kuna watoto wakubwa kwa sababu baba ni mkubwa, mama ni mkubwa, ukoo wote ni wa milango mipana. Sisemi kila mtoto mkubwa ni sukari. Nasema mizani haiwezi kukwambia ni gani, na huku kwetu tunaamini mizani kupita kiasi. Fikiria. Kahawa inapimwa kiwandani, majani chai yanapimwa, maziwa yanapimwa alfajiri mkulima akiwa na baridi ya Julai mpaka kwa mifupa. Kilo ni pesa. Ukienda na kilo nyingi unarudi ukitabasamu. Basi mtoto akizaliwa swali la kwanza si jina, si kama mama yuko sawa. Ni “kilo ngapi?” Na ikiwa zaidi ya nne watu wanampongeza baba! Shemeji alinunuliwa soda kwa hiyo namba. Mimi nilipata watazamaji kwa hiyo namba. Kila mtu alilipwa kwa hiyo namba isipokuwa mwenye mshono.

Hapo ndipo hii shida inajificha. Magonjwa mengine yanakuja na sura ya ugonjwa. Hii inakuja na sura ya baraka. Dada alikuwa anasikia kiu na anaenda choo kila saa, na kila mtu akimwambia ni mimba, na ni kweli mimba hufanya hivyo. Alikuwa anachoka, ni mimba. Tumbo kubwa, mnasema ni mvulana. Wengi wenye hii shida hawasikii chochote kabisa. Hakuna njia ya kuijua kwa kuangalia, kwa kushika tumbo, au kwa cucu kutazama vile unatembea.

Kuna njia moja, na haihitaji mashine ya kutisha. Kati ya wiki ya 24 na ya 28, unaenda asubuhi bila kula. Unatolewa damu. Unapewa gramu 75 za glukosi kwa maji, unakunywa, na nisikudanganye, hiyo ni kama vijiko 18 au 19 vya chai, inakata koo. Unakaa. Damu tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Basi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema mwaka 2013: ikifika 5.1 kabla ya kula, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, hata moja tu kati ya hizo, hiyo ni kisukari cha mimba. Na ile ya kwanza ikiwa 7.0 au zaidi, hiyo ni sukari yenyewe kabisa. Ziandike mahali. Ni milimoli kwa lita, ndiyo namba utaona kwa karatasi za hospitali zetu.

Angalia hiyo 5.1. Mtu ambaye hana mimba akipima 5.3 asubuhi anaambiwa yuko sawa aende nyumbani. Mjamzito na 5.3 hayuko sawa. Ndiyo maana “nilitobolewa kidole kwa chemisti wakasema ni fiti” haimalizi maneno. Na mkojo ndio mbaya zaidi. Figo za mjamzito hupitisha sukari kirahisi, kwa hivyo mwingine ana sukari kwa mkojo na damu yake ni safi, na mwingine kama dada yangu mkojo ni safi na damu inachemka.

Hizo namba zilitoka wapi? Hii nayo ilinikera kidogo. Zilitoka kwa utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, unaitwa HAPO, wa wanawake wajawazito zaidi ya 23,000 kutoka vituo 15 katika nchi 9. Kulikuwa na Chicago, Toronto, Belfast, Bangkok, Hong Kong, Brisbane, hadi Bridgetown kule Barbados. Afrika, hakuna. Hata kituo kimoja. Kuna mtu anaweza kusema basi hazituhusu. Mimi naona kinyume. Matokeo yenyewe yalikuwa kwamba hakuna ukuta, sukari ya mama ikipanda kidogo, hatari inapanda kidogo, mfululizo, hata kwa viwango ambavyo zamani vilikuwa vinaitwa kawaida. Kondo la nyuma halijui kama liko Belfast au Othaya. Kinachonikera ni kwamba walihesabu wenzetu wote, na sisi ambao hatukuhesabiwa ndio pia hatupimwi.

Na tusijifanye Nyeri hatujui sukari. Desemba 2018 serikali ilipoanza majaribio ya Afya kwa Wote, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na sisi. Unajua Nyeri ilichaguliwa kwa nini? Kwa sababu ya mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza, sukari na presha zikiwa mbele. Tulipewa kadi kwa sababu ya sukari! Hakuna boma huku halina mzee mwenye daftari ya kliniki ya sukari. Cucu yangu mwenyewe anaweka insulini kwa friji karibu na maziwa, na ole wako uguse. Na ukiwa na mzazi, nyanya au ndugu mwenye sukari, hiyo ni moja ya sababu za kwanza za kukupima mapema ukishika mimba. Dada yangu alihudhuria kliniki zote, hakukosa hata moja. Hakuna siku aliulizwa, “Nyumbani kwenu kuna mtu ana sukari?” Swali la sekunde tatu.

Lakini nimeahidi sitamtupia nesi. Nilienda kukaa kwa hiyo kliniki asubuhi moja, bila kurekodi. Nesi wawili. Foleni imetoka mlangoni imezunguka kona. Mmoja anapima presha, anaandika, anachoma chanjo, anaelezea mama wa kwanza kunyonyesha, na simu yake inalia kwa sababu mtoto wake mwenyewe anaumwa. Utamwambia huyo achukue mama mmoja, amketishe saa mbili, amtoe damu mara tatu? Kipimo ambacho hakina nafasi kwa foleni hakifanywi, hata kama kimeandikwa kwa mwongozo wote wa dunia. Hilo ni jambo la walio juu yake, wanaoamua maabara ipate nini na nani alipe, zamani ikiwa NHIF na tangu Oktoba 2024 SHA. Na bado, kuna kitu kinachekesha. Wale wamama walikaa kwa hiyo foleni zaidi ya saa tatu. Saa mbili za kungoja tayari wanazitoa, bure, kila mwezi. Ukimpa glukosi akifika na umwache kwa benchi ile ile, atakuwa amemaliza kipimo kabla jina lake liitwe.

Mwaka 2015 kulikuwa na uchunguzi wa kitaifa wa afya, na karibu Wakenya 9 kati ya 10 walisema hawajawahi kupimwa sukari hata siku moja. Kwa wanawake wengi wa umri wetu mimba ndiyo mara ya kwanza mwili unawekwa mbele ya maabara. Tunaipoteza hiyo nafasi tukipima mkojo.

Nirudi kwa komenti, kwa sababu nilipoweka video ya pili, ile ya kueleza haya yote, watazamaji walikuwa wachache sana (algorithimu haipendi kongosho) lakini wakali walikuja wote. “Ni soda alikuwa anakunywa.” “Wasichana wa siku hizi na chipsi.” “Cucu zetu walizaa tisa na hawakupimwa.”

Mmoja mmoja. Soda: ndiyo, soda na chai ya vijiko vitano na mandazi zinaongeza abiria kwa stage iliyojaa. Uzito wa mwili kabla ya mimba unachangia pia, umri unachangia, ukoo unachangia. Lakini aliyekaza milango ni kondo la nyuma, na halikumwomba ruhusa. Kuna wanawake wembamba, wanakula sukuma na githeri, wanatembea kutoka Ruring'u mpaka mjini kila siku, na wanapatikana nayo. Ukimwambia mjamzito ni makosa yake unajua atafanya nini? Atanyamaza. Hatamwambia daktari kile anakula, hatamwambia mama mkwe ana shida, ataenda kwa uchungu na siri.

Cucu na watoto tisa. Nilimuuliza cucu. Alizaa tisa, wako saba. Wa mwisho, mjomba wangu, alikuwa mkubwa hadi mkunga akauliza kama ni mmoja. Alikwama mabega. Mpaka leo mkono wake wa kushoto hauinuki juu ya sikio, na sisi tulikuwa tunadhani alianguka kwa mti wa avokado. Na cucu aligunduliwa na sukari miaka baadaye. Kwa hivyo wewe unayesema cucu hakupimwa, ni kweli. Hakupimwa.

Kuna msichana aliniandikia pembeni, sitasema wa wapi. Yuko na mimba, amepimwa, amepatikana, amejaribu chakula na kutembea na bado namba ziko juu, kwa hivyo daktari ameandika sindano. Mama mkwe amekataa, anasema insulini itaharibu mtoto na ukianza huachi. Nilimjibu kile nesi alinielezea, na nilimwomba arudi kwa daktari wake na huyo mama mkwe wakiwa pamoja. Insulini haivuki kondo, kumbuka. Inabaki kwa mama, inashusha sukari, mafuriko kwa mtoto yanapungua. Na wengi wanaacha sindano mtoto akishazaliwa, kwa sababu aliyekaza milango ametoka. Pia wengi hawafiki kwa sindano kabisa. Wanabadilisha sahani: nduma kidogo badala ya mlima wa wali, maharagwe na mboga zikichukua nafasi kubwa, uji bila sukari, kutembea baada ya kula. Si kufunga! Mjamzito halali njaa. Daktari au mtu wa lishe ndiye anakupangia.

Na njahi sina shida nazo kabisa. Wamama wa chama walipokuja itega kumwona mtoto walileta njahi sufuria mbili, na hizo ni chakula cha kuheshimu. Walileta pia ucuru mtungi mzima, halafu nikaona mmoja anamimina sukari na kikombe. Kikombe, wasee. Dada alikuwa anakunywa huku akisema asante tata, asante tata, kwa sababu utasema nini kwa wamama kumi na wawili waliovaa leso mpya.

Kosa kubwa kwetu lilikuwa baada ya hapo. Mtoto alipona, akatoka. Sukari ya dada ilipimwa siku ya pili ikawa sawa, kama inavyokuwa kwa wengi. Tukasherehekea. Tukasahau. Hakuna mtu alituambia, au alituambia na tukawa tumechoka, kwamba mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya karibu mara 10 ya kupata sukari ya kudumu baadaye kuliko ambaye hakupata. Hiyo imetoka kwa kazi iliyochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2020, iliyounganisha tafiti 20 na wanawake zaidi ya milioni 1.3. Mimba ilikuwa kama jaribio la breki kwa mteremko. Breki zilipiga kelele. Gari likafika chini salama, na sisi tukaegesha tukaenda kulala.

Anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kuzaa, halafu tena na tena miaka inayofuata. Sasa fikiria na mimi. Wiki ya 6 mtoto anapelekwa chanjo. Wiki ya 10, chanjo. Wiki ya 14, chanjo. Mama yuko pale! Mara tatu! Amebeba mtoto mgongoni, amepanda matatu kutoka Mukurwe-ini au Naromoru, amefika. Mtoto anachomwa mguu, anapimwa kilo (kilo tena), na mama ambaye mwili wake ulipiga kelele miezi michache iliyopita anaambiwa kwaheri. Kama kuna kitu kimoja ningepigania kwa kaunti zote hizi za mlima, kuanzia Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru mpaka Laikipia, ni hicho: alama kwa kitabu cha mtoto kwamba mama huyu alikuwa na sukari, na siku ya chanjo mama naye apimwe. Kitabu ni kimoja, foleni ni moja, nauli ni moja.

Dada yangu alipimwa tena baada ya miaka miwili, na ni kwa bahati. Kulikuwa na kambi ya matibabu ya bure nje ya kanisa, alikuwa anapita akitoka kununua viazi. Kidole kikasoma 13.2. Akarudi asubuhi nyingine bila kula, 8.1. Ana miaka 29. Alikuja nyumbani akaketi kwa jikoni, akaniangalia, akaniuliza kama ile video bado iko. Nikasema iko. Akasema, “Usiitoe. Andika tu chini kilichotokea.”

Nimeandika. Hamsomi, lakini nimeandika.

Binamu yetu sasa ako wiki ya 25. Ana miaka 23, mwembamba, hana dalili yoyote, na mara ya kwanza nilipomwambia kuhusu hiki kipimo aliniambia niache kumtakia mabaya. Wiki iliyopita cucu ndiye alimpigia simu. Sijui waliongea nini, cucu alifunga mlango. Alhamisi tunaenda. Tunapanda gari la saa kumi na mbili ili afike kabla ya wengine, tumbo tupu, na mimi nimebeba mayai mawili ya kuchemsha na chai bila sukari ya baadaye. Amenipa sharti moja, simu yangu ibaki kwa mfuko. Na mtoto akija, hakuna mtu anaruhusiwa kumuuliza kilo.